Bibi Harusi Ana Pingamizi

Mvua ya Eldoret haina adabu. Ilishuka alasiri mji ukiwa umejaa pomoni, na kando ya barabara wauza vitabu vya mitumba wakaanza kupigana na karatasi za nailoni ili bidhaa zisilowe. Kila mtu alikimbia isipokuwa mwanamume mmoja mrefu, mwenye koti la kijani na gambuti zilizojaa matope hadi magotini. Alikuwa amejibanza chini ya mwavuli wa Kavetsa, muuza vitabu, anasoma. Tena anasoma bila haya, anafungua kurasa kama mtu aliye sebuleni kwao.

Waiyego alipokiona kile kitabu, hasira na furaha zilimshika kwa pamoja. Kilikuwa chake. Alikuwa amekiandika nyuma ya kaunta ya agroveti, duka la dawa za mifugo la mama yake kule Yamumbi, kati ya mteja na mteja, na siku hiyo ndiyo alikuwa amemletea Kavetsa nakala za kwanza. *Mfinyanzi wa Majoka*, hivyo ndivyo alivyokiita.

"Kaka, hapa si maktaba," alimwambia. "Nunua ukasome kwako."

"Ngoja nimalize ukurasa. Hii joka inatema moto, sindio? Iko na matumbo ngapi?"

"Matumbo?"

"Ng'ombe ako na manne. Gesi inatoka huko. Kama joka inatema moto lazima icheue, na mwandishi hajasema. Huyu mwandishi hajui mifugo."

"Mwandishi ameuza dawa ya minyoo tangu amalize shule," Waiyego alijibu, mikono kiunoni. "Na joka lake halicheui. Linameza makaa."

Yule mwanamume aligeuza kitabu, akatazama picha ya nyuma, kisha akamtazama msichana aliyekuwa mbele yake: mwanya uleule, kilemba kilekile cha manjano, sasa kimelowa chapachapa.

"Yawa! Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Lipa."

Alilipa. Na kwa sababu mvua ilikataa kuacha, wakabaki chini ya mwavuli wa Kavetsa wakibishana kuhusu mimba ya joka inachukua muda gani. Jina lake lilikuwa Cyril, daktari wa mifugo, mkaazi wa Kimumu, na Jumapili ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kanisani kwao. Kabla mvua haijakatika alikuwa ameshaomba namba ya simu, ati ya kuulizia dawa ya kupe. Kavetsa alikohoa kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

Basi simu zikaanza.

"Daktari, uko wapi?"

"Kesses. Mkono wangu uko ndani ya ng'ombe. Nimekuweka spika."

"Na ng'ombe anasikia?"

"Anasikia kila kitu. Anasema ana wivu."

"Mwambie asijali, mimi sitaki mkono huo hadi uoshwe."

"Jaber," Cyril angesema, maana huko kwao mrembo huitwa hivyo, "nimefika pale joka linalala kifudifudi watoto wavuke mto wa mafuriko juu ya mgongo wake. Nimelia mbele ya mwenye ng'ombe. Ameuliza kama mnyama wake anakufa."

Nani asingependa mtu kama huyo? Waiyego alipenda, na hakupenda kidogo kidogo. Alihamia kanisa lao, akajua nyimbo zao, akamzoea Mama Perez, mamake Cyril, aliyekuwa akimlisha samaki na kumkagua kwa jicho moja. Wazee wa Yamumbi wakakutana na wazee wa kina Cyril waliotoka Siaya, soda zikanywewa, mbuzi akaliwa. Kilichobaki kilikuwa matangazo.

Katika kanisa lile ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mchungaji husoma majina ya wawili hao, kisha huuliza kama kuna mwenye pingamizi. Kwa kawaida watu hujikuna tu na kutazama saa. Jumapili ya kwanza walijikuna. Jumapili ya pili pia. Lakini kati ya ya pili na ya tatu, kitabu kikamfikia Mzee Mungai.

Mzee Mungai alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mwembamba, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope. Alikifungua katikati, pale msichana mfinyanzi anapochukua udongo, anaunda joka, na kulipulizia pumzi puani likasimama. Hakusoma zaidi. Aliwaita wachumba ofisini kwa mchungaji, akakiweka kitabu juu ya meza kwa ncha za vidole.

"Binti yangu, udongo na pumzi ni kazi ya nani?"

"Ya Mungu, Mzee."

"Basi mbona umempa msichana kazi ya Mungu? Na joka katika Ufunuo ni nani?"

"Ni Shetani, Mzee. Lakini nyoka wa Edeni naye ni Shetani, na Musa aliinua nyoka wa shaba jangwani watu wakapona. Punda wa Balaamu aliongea. Mimi hadithi zangu nilizitoa huko huko, kwenye Biblia ya cucu, nyanya yangu, kabla sijajua kuna pahali pengine pa kuzitoa."

"Hizo ni za Roho Mtakatifu. Hizi ni zako."

"Ni zangu, ndiyo. Lakini Mungu aliniumba kwa mfano wake, na yeye ni mfinyanzi. Nikikaa bure na mikono aliyonipa, si ndio nitamkosea?"

Mzee alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na mwenye kusema alikuwa mbaya ni mwongo. "Nilizika ndugu yangu," alisema polepole. "Aliacha dawa za hospitali akaenda kwa mganga. Alianza kwa hadithi tu, za mizimu na nini. Kwangu haya si mchezo. Ukiri mbele ya kanisa kwamba umeacha, na ndoa itaendelea. La sivyo, hapana."

"Pole kwa ndugu yako, Mzee. Lakini mimi si mganga, na siwezi kukiri kosa ambalo silioni."

Waiyego alimgeukia Cyril. Cyril alikuwa akitazama kapeti. Mtu aliyelililia joka mbele ya mwenye ng'ombe kule Kesses, leo amepatwa na nini? Walipotoka nje alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Nenda nyumbani, jaber. Niachie mimi. Hawa wazee nimekulia mikononi mwao, nitaongea nao yaishe."

Akarudi ndani. Waiyego akaenda nyumbani, moyo umetulia. Mwenzenu alimwamini.

Jumapili ya tatu alivaa gauni la bluu lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, akaketi kati ya mama yake na Mama Perez. Kanisa lilijaa. Cyril alikuwa mbele kwenye kinanda, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, lakini hakumtupia macho hata mara moja. Mchungaji akasoma majina, akatabasamu.

"Na tunamshukuru Mungu," aliongeza, "kwa sababu mpendwa wetu Waiyego, kupitia kwa mchumba wake, ameahidi kuacha kabisa kuandika habari za majoka na uchawi, na vitabu vilivyobaki vitateketezwa. Bwana asifiwe!"

"Amina!" kanisa likaitikia. Mama Perez alipiga makofi. Mzee Mungai alifumba macho, kweli kweli akiomba.

Waiyego alihisi masikio yakiwaka moto. Kupitia kwa mchumba wake! Alimtazama Cyril, na sasa Cyril akamtazama, na macho yake yalikuwa yanamsihi: nyamaza, mpenzi, nyamaza tu, tutaongea baadaye.

"Kama kuna yeyote mwenye pingamizi kwa ndoa hii," Mchungaji akasoma upesi, kama mtu anayemaliza, "aseme sasa."

Watu walianza kujikuna.

"Ninalo," Waiyego akasema, akasimama.

Ala! Vidole viliganda katikati ya kujikuna. Mtoto mmoja aliyekuwa akilia aliacha.

"Dada," Mchungaji akasema, "wewe ndiye bibi harusi."

"Ndiyo, na nina pingamizi. Mimi sijaahidi chochote. Sitaacha kuandika na hakuna kitabu changu kitakachochomwa. Anayesema niliahidi amesema uongo, na mimi siolewi kwa uongo madhabahuni."

Aliokota mkoba wake na kutoka kupitia katikati ya kanisa, gauni la bluu likipigapiga miguu yake. Alingoja afike barabarani ndipo akalia, akalia vizuri, akitembea.

Simu ililia hadi betri ikaisha. Alipoichaji ikalia tena. Mara moja tu alipokea.

"Waiyego, nisikilize..."

"Nilikusikiliza ukaniambia niende nyumbani," alijibu, akakata.

Wiki ile Yamumbi nzima ilikuwa na maoni. Wateja walinunua chumvi ya ng'ombe wasiyoihitaji ili waone uso wake. Hatimaye Cyril mwenyewe akaja, na gambuti zake, akasimama nyuma ya wakulima akingoja zamu. Alipofika kaunta, mamake Waiyego ndiye aliyempokea.

"Daktari, dawa ya kupe iko, ya minyoo iko. Ya uongo hakuna."

"Mama, naomba kuongea na Waiyego."

"Mimi siwajibii watu wazima. Muulize mwenyewe."

Waiyego alitoka stoo, unga wa mahindi mikononi. Cyril alikuwa amekonda usoni, na kumwona vile kulimuuma, akakasirika kwamba kunamuuma.

"Niliogopa," Cyril alisema. "Mama ameshaalika ukoo mzima. Mzee alisema ndoa haipo. Nikaona ni neno tu, niwape neno walitakalo, tuoane, kisha wewe uendelee kuandika. Nani angejua?"

"Ningejua mimi. Cyril, ng'ombe hawezi kusema panapomuuma, ndio maana unamsemea. Mimi nilishasema, tena mbele yako. Kisha ukarudi ndani ukanisemea kinyume."

"Nilikosa. Haki ya Mungu, nilikosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe jana nikipima pumba. Lakini uongo wako ulitangazwa kanisani mbele ya watu wote, halafu unakuja kuniomba msamaha kando ya magunia. Ninakupenda, na hilo halibadilishi kitu. Nenda, kuna watu nyuma yako."

Akaenda. Mama yake Waiyego alisema, "Si umekuwa mkali?" Waiyego akasema, "Nimekuwa," akaendelea kupima pumba huku machozi yakimdondoka.

Jumapili ikafika, na Waiyego akatoa gauni la manjano.

"Unaenda wapi?" mama yake aliuliza. "Huko huko?"

"Kwani nimefukuzwa? Mimi niligombana na uongo, Mungu sijagombana naye."

Aliketi katikati ya kanisa, kidevu juu, watu wakijitenga naye kidogo kama mwenye surua. Wakati wa ushuhuda, kinanda kikanyamaza. Cyril aliinuka.

"Wapendwa," alisema, "Waiyego hakuahidi kitu. Niliwaambia wazee kwamba ameahidi, na nilijua si kweli. Nilimsingizia kwa sababu niliwaogopa nyinyi kuliko nilivyomheshimu yeye. Kile kitabu nimekisoma mara nyingi. Ndani yake yule msichana anampa joka pumzi yake mwenyewe, na mwishowe inambidi msichana afe ili watoto wa watu waliomtukana wapone. Nikiwa hapa kanisani tangu utotoni, sijui kama nimewahi kulielewa jambo hilo vizuri hivyo. Siombi mkipende, lakini mkome kusema ameungama, maana hakuungama."

Mama Perez alifunika uso kwa kitambaa. Mzee Mungai alisimama, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumizwa.

"Umewadanganya wazee, mwanangu. Unajua taratibu."

Cyril alizijua. Mtu aliyewekwa chini ya nidhamu haigusi Meza ya Bwana, hashiki huduma, na huketi benchi la nyuma kabisa, peke yake, hadi wazee watakaposema imetosha. Alifunga kinanda, akatembea urefu wote wa kanisa. Alipopita karibu na Waiyego hakumtazama, maana hakutaka aonekane anaomba malipo. Akaketi nyuma, karibu na mlango, upepo ukimpiga mgongoni.

Mchungaji alitangaza wimbo. Bila kinanda watu walijikokota, kila mmoja na wakati wake. Waiyego aliimba mstari mmoja. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka mahali pake, na watu wakapisha wakidhani anaondoka tena. Hakuondoka. Alitembea hadi benchi la nyuma, gauni lake la manjano likionekana na kila mtu.

"Sogea," alisema.

"Jaber, hapa ni pa watu walio chini ya nidhamu. Watasema..."

"Wamesema mangapi? Sogea, Daktari."

Alisogea. Waiyego akaketi, akautia mkono wake ndani ya mkono wa Cyril, wazi, juu ya benchi. Wimbo ukafifia, ukafa. Vichwa vyote viligeuka.

"Waiyego," Cyril alinong'ona, "utaolewa na mtu wa benchi la nyuma?"

Alimjibu, lakini kwa sauti ya chini, na kwa wengine midomo yake tu ndiyo iliyoonekana ikicheza. Kule mbele Mzee Mungai alikuwa amesimama, kiganja nyuma ya sikio.

"Huyo msichana anasema nini?" aliuliza kwa sauti kuu. "Cyril, anasema nini?"

Cyril alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akamgeukia Waiyego, akangoja.

Waiyego alisimama.

"Ninasema ndiyo, Mzee," alijibu, na sauti yake ilifika madhabahuni. "Kwa huyu, ndiyo. Kwa kuacha kuandika, hapana. Na matangazo mtayasoma upya, hapa hapa."