Meno Kwenye Gitaa la Mzee Nashoni

Kama upepo wa Sirari ungevuma kuelekea Isebania, ng'ambo ya mpaka, siku ile, haya yote yasingetokea. Lakini ulivuma upande wetu, saa nne asubuhi, malori yamepanga foleni mpaka kituo cha mafuta, wabadilisha pesa wanapunga noti za Kenya, na Ambokile yuko pembeni ya barabara anapiga rangi nyekundu kwenye bampa la lori. Upepo ukageuka ghafla. Rangi ikaruka, ikaenda kutua, vitone kama ishirini hivi, kwenye gauni la njano la msichana aliyekuwa anapita na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kitenge.

"Wewe!"

Ambokile akazima kompresa, akavua barakoa. Alitaka kusema samahani ila mdomo uligoma, maana yule msichana, jamani, hata hasira zilimpendeza. Mrefu, nywele kazibana juu, raba nyeupe peee, kitambulisho cha ofisi ya uwakala wa forodha kinaning'inia shingoni.

"Unaniangalia nini? Mimi nimekuwa bampa?"

"Hapana, dada. Bampa huwa nalipiga koti tatu za rangi. Wewe nimekupiga moja tu."

Msichana akajizuia kucheka, akashindwa. Ambokile naye akacheka, na hapo ndipo ule mwanya wake ulipoonekana. Mwanya wa mbele, mpana, njiti ya kiberiti inapita bila hodi.

"Nitalipa gauni."

"Halilipiki hili. Nimelishonesha Mwanza nikiwa chuo."

"Basi nipe mzigo nikubebee."

"Mzigo! Hili ni gitaa la baba. Limenyamaza, nalivusha ng'ambo nikatafute fundi."

"Linakoroma kwanza au limezima kabisa?"

Msichana akamtazama upya, kuanzia ovaroli lenye rangi zote za duniani mpaka ndala. "Wewe na magitaa wapi na wapi?"

"Kwetu Tukuyu nilikuwa napiga kanisani. Hiyo ni waya imeachia solda tu. Niachie. Bure. Iwe fidia ya gauni."

Akafikiri. Kisha akachomoa kalamu na, kwa mkono wa kushoto, akamwandikia namba kwenye kiganja. "Naitwa Felista. Baba yangu ni Mzee Nashoni, Tarime mjini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi anapiga harusini Genkuru, mara ya kwanza tangu mama afariki. Sasa sikia, kaka wa Tukuyu. Hilo gitaa likipatwa na chochote, mimi na wewe hatujuani."

*

Waya aliulehemu kwa nusu saa. Angelifunga gitaa kwenye kitenge chake na kulirudisha kesho yake, tungekuwa tumemaliza. Lakini Ambokile alikuwa ameshapenda, na mtu aliyependa, mikono yake haitulii.

Alilitazama lile gitaa pale kwenye chumba chake cha kupanga. Rangi nyekundu imebabuka, mbao imeonekana pale mkono unapolalia, kichwani limeungua, chini ya nyuzi lina bonde kama mlango wa gari uliogongwa. Aibu, akawaza. Gitaa la baba wa Felista lirudi hivi? Basi akalitendea kama anavyotendea magari ya watu. Akajaza filla kwenye mabonde, akapiga msasa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, akalipiga nyekundu koti tatu na vanishi juu yake. Likawaka! Akalitundika karibu na dirisha, akawa analiangalia kila akipita. Siku ya kulirudisha Felista atalia kwa furaha, alijiambia.

Wakati huo simu za mchana zilikuwa zimekolea. Wiki ya kwanza alikuwa "kaka wa Tukuyu". Ya pili akawa "Ambo". Walishakula chipsi pamoja mara nne, na mara ya nne Felista alimfuta pilipili mdomoni kwa kidole, hadharani, madereva wa malori wakapiga honi.

Halafu ikaja ile simu ya Jumanne.

"Mpenzi, baba amenichosha," Felista alisema. "Kila jioni, 'gitaa linalala wapi, gitaa limefunikwa?' Anawaza lile bonde lake."

"Bonde lipi?"

"La chini ya nyuzi, hujaliona? Mama huyo! Baba alipotelea Migori siku tatu na bendi, akarudi anaimba. Mama alikuwa anasonga ugali. Akamrushia mwiko wa kichwa, baba akajikinga na gitaa. Pwaa!" Akacheka sana, kisha sauti ikashuka. "Mwiko wenyewe upo jikoni, umetundikwa, hakuna anayeruhusiwa kuusongea. Na baba hapigi wimbo kabla hajapitisha kidole pale kwenye bonde. Asipopitisha hawezi, mikono inamkataa... Ambo? Upo?"

Ambokile alikuwa analitazama gitaa. Liling'aa mpaka akajiona humo, mdomo wazi.

"Nipo. Mtandao tu." Akaligeuzia gitaa ukutani. "Hebu niambie na mengine."

"Mengine gani?"

"Makovu yake. Yote. Napenda tu kukusikia."

Felista akafurahi huyo! Akamwaga yote. Pale kichwani ni sigara ya Waitara, mpiga besi, alikuwa anaichomeka kwenye nyuzi akasahau. Mgongoni ni chuma cha mkanda wa baba, miaka ishirini kinakwangua. Pale juu ni jasho la mkono. Kila mtu alikuwa na alama yake kwenye gitaa lile.

"Na... meno."

"Meno?"

"Yangu. Nilikuwa ndiyo naota meno, nikaling'ata pale juu kwenye pembe. Hujayaona?"

"Nimeyaona," Ambokile akasema.

*

Angesema palepale. Na wewe ungesema, na mimi ningesema, tukiwa tumekaa hapa. Lakini fikiria una mpenzi wa wiki mbili na umefuta mwiko wa mama yake kwa msasa namba mia mbili na arobaini.

Zilibaki siku kumi na moja. Ambokile akaanza kulizeesha gitaa.

Usifikiri ni kazi ndogo. Kulifanya jipya kulichukua siku mbili, kulirudisha uzeeni kulimtoa jasho. Alianza kulichimbua bonde kwa patasi, lakini filla ilikuwa imekuwa jiwe na aliogopa kupasua mbao, basi akagonga jingine palepale kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Mgongoni akakwangua kwa mkanda wake mwenyewe, saa nzima, kama mtu anayejikuna. Kichwani akachoma na sigara aliyoiomba kwa dereva, yeye asiyevuta, akakohoa mpaka mwenye nyumba akauliza kama ni kifua kikuu. Akalipaka chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi, akapitisha kiwi ya viatu ya kahawia na kuifuta, uchafu ukabaki kwenye mikwaruzo kama wa miaka.

Ilibaki ile mipasuko midogomidogo ya rangi ya zamani, ile kama utando wa buibui. Hiyo haitaki msasa. Inataka joto kali halafu baridi kali. Barafu alichukua kwenye friji la soda. Joto alikopa kwa Winfrida wa saluni. Draya.

Ndipo Felista akapiga simu.

"Nini hicho kinavuma?"

"Feni."

"Feni na mvua hii? Ambo, hiyo ni draya. Mimi draya siijui?"

"Ni ya Winfrida, ila..."

"Winfrida yuko chumbani kwako anakausha nywele?"

"Winfrida hayupo! Draya ndiyo ipo!"

"Ipo inajikausha yenyewe?"

Simu ikakatwa. Na kama vile haitoshi, Stefania, anayekaa na Felista meza moja ofisini, alikuwa amemwona Winfrida kwa macho yake akiingia geti la Ambokile na draya kwapani. Kwamba alitoka baada ya dakika mbili, hilo Stefania hakulisema. Lingeharibu utamu.

Ambokile alipiga mara kumi na saba. Alikwenda mpaka dirisha la ofisi.

"Felista hayupo," Stefania akamwambia. "Ameniambia nikwambie hayupo."

Nyuma ya kabati raba moja nyeupe ilionekana, inagongagonga sakafu.

"Felista, ni gitaa! Nilikuwa..." Akaishia hapo. Nilikuwa nafanya nini? Kila neno la kujitetea lilikuwa linapitia kwenye lile bonde.

Jioni ukaja ujumbe: *Jumamosi saa mbili lete gitaa nyumbani. Ukimaliza kasuke nywele.*

Hakulala, hakula, akatembea chumbani kuanzia mlangoni mpaka dirishani kama ng'ombe aliyefungiwa peke yake. Yalikuwa yamebaki meno. Alijaribu msumari, ikawa alama ya msumari. Akajaribu bisibisi, ikawa bisibisi. Ijumaa mchana akapaka rangi nzito pale kwenye pembe, akasubiri ianze kuganda, akafunga mlango, akafunga na pazia, akang'ata.

*

Mzee Nashoni alikuwa amevaa suti ya kahawia na kofia yenye unyoya, viatu vinang'aa, gari la kwenda Genkuru linamsubiri nje. Felista alisimama mlangoni mwa jikoni, kitenge cha bluu, mikono kifuani, anaangalia ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Lete tuone."

Akalipokea. Akaligeuza. Akapitisha kiganja mgongoni, akaitikia kwa kichwa taratibu. Akachomeka waya kwenye spika ndogo, akagusa uzi mmoja, sauti ikajaa sebule nzima, safi. Felista akasahau kuangalia ukuta. Ambokile akaanza kupumua.

Kisha kidole cha mzee kikashuka chini ya nyuzi. Kikaingia kwenye bonde. Kikatoka. Kikarudi tena, kama mtu anayetafuta swichi gizani kwenye nyumba isiyo yake.

"Mke wangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto," akasema polepole. "Bonde lake lililala huku. Hili limelala kule."

Mzee akasogeza gitaa kwenye mwanga.

"Na hapa juu je? Nani kang'ata gitaa langu?"

"Si... si Felista, mzee? Alipokuwa anaota meno?"

"Felista? Gitaa hili lilikuwa linakaa juu ukutani. Huyu hakuligusa mpaka ana miaka kumi na mbili."

Ambokile akamgeukia Felista. Felista alikuwa ameshika mdomo. Alisogea, akainama kwenye pembe ya gitaa, akayaona meno mawili makubwa ya mtu mzima, na katikati yake mwanya.

"Ambo," akanong'ona. "Umeling'ata gitaa la baba?"

Basi yakamtoka yote, kwa mfululizo, bila koma: filla, koti tatu, chai, kiwi, sigara, barafu, draya. "Nilidhani nalitengeneza. Felista aliponiambia ya mama nilikuwa nimeshamfuta. Nilitaka kukurudishia, mzee. Sikujua namna nyingine."

"Na mimi nilidanganya," Felista akasema, machozi yakaanza. "Kila mtu ana alama pale, baba. Mpaka Waitara na sigara zake! Mimi sina hata mkwaruzo. Nikajitungia."

Mzee Nashoni akakaa chini. Nje dereva akapiga honi. Mzee aliliweka gitaa mapajani, vidole juu ya nyuzi, na vidole havikwenda popote. Alijaribu tena. Akavua kofia.

"Mwambieni aende," akasema. "Sipigi."

Ambokile alitamani sakafu immeze. Ila Felista hakuwa mtu wa kusimama akitazama. Aliingia jikoni mbiombio, kitu kikaanguka huko, akatoka na mwiko. Ule mwiko.

"Felista!" baba yake akashtuka. "Urudishe!"

"Shika gitaa, baba. Lishike kama ulivyolishika siku ile."

"Wewe mtoto una wazimu."

"Wa nani, kama si wa mama? Shika!"

Alivyosema lile "shika", mzee akamtazama kwa jicho lingine kabisa. Akasimama. Akaliinua gitaa usoni, akajikinga. Felista akarudisha mkono nyuma, mkono wa kushoto, akapiga.

Pwaa!

Rangi ile ilikuwa imeshapigwa joto na barafu siku nane. Filla haikuvumilia. Ilipasuka, ikabanduka, kipande kizima kikadondoka sakafuni kama gamba. Na chini yake, kwenye mbao, bonde la zamani lilikuwepo. Limelala huku.

Mzee alipitisha kidole. Alipopiga, alipiga pale pale sebuleni, amesimama, machozi yanashuka kwenye suti, na dereva akaacha honi akaja kusikiliza mlangoni.

Wimbo ulipoisha alijifuta kwa kofia. "Mura."

"Naam, mzee."

"Rangi hii ni mbaya sana."

"Ndiyo, mzee."

"Utaiacha hivyo hivyo. Na haya meno yabaki." Akatembea kuelekea garini, kisha akageuka. "Ila mwenye meno aniletee wazee wake kutoka huko Tukuyu. Waambie kwetu tunaongea kwa ng'ombe, wasije na ndizi."

Mlango wa gari ukafungwa, mzee akiwa ndani anawasubiri na wao. Felista bado alikuwa na mwiko mkononi, na Ambokile alikaa mbali nao kidogo, kwa tahadhari.

"Kwa hiyo Winfrida..."

"Anataka draya yake. Nimeiunguza."

Felista akacheka mpaka akamwegemea. Kisha akainua uso, karibu sana. "Rangi ilikuwa na ladha gani?"

"Thina. Ulimi umekufa ganzi tangu jana."

"Wote?"

"Sijui. Sijaupima."

Dereva akapiga honi tena, ndefu. Walimchelewesha.