Wazo Lililomfumba Macho Chiriku

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alimsindikiza baba yake zahanati kufanya mazoezi ya mguu. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu tangu utotoni hakujua kunyamaza. Lakini wiki hiyo alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi. Ubao aliokuwa amesimama juu yake kazini ulikatika, akaanguka na kuvunjika mguu. Mfupa ulikuwa umeunga, na sasa alikuwa akijifunza kutembea upya, mtu mzima na masharubu yake.

"Leo utaachia vyuma," mama wa mazoezi, mtaalamu wa viungo wa pale zahanati, alimwambia, akionyesha vyuma viwili virefu vya kushikilia. "Nawe binti, mfuate nyuma na kiti. Akichoka, akae."

Baba akaachia. Hatua moja. Nyingine. Jasho lilimtiririka, lakini hakurudi nyuma. Chiriku alijaa fahari.

Kisha mawazo yakamchukua hadi darasani, siku aliyosoma mbele ya wenzake akakosea neno. Alipoinua macho, alimwona rafiki yake kipenzi amejiziba mdomo, mabega yakimtikisika. Alinicheka, aliwaza. Tangu hapo Chiriku alihama dawati, hakumsalimia wala kumtazama. Labda hata hakuwahi kunipenda. Labda sasa hivi ananisema kwa wenzake...

"Kiti!" mama wa mazoezi alipaza sauti.

Baba alikuwa ameyumba, na kiti kilikuwa mbali. Mama wa mazoezi aliwahi kumdaka kwapani, akamkalisha.

"Nisamehe, baba," Chiriku alisema huku akilia. "Nilikuwa hapa, lakini..."

"Lakini akili ilikuwa safarini," baba akamalizia, akihema. "Ilikwenda wapi, binti yangu?"

Chiriku akamweleza yote. Baba alisikiliza bila kumkatiza.

"Unajua nikiachia vyuma nawaza nini?" aliuliza. "Kila hatua wazo linaniambia, 'Utaanguka.' Kila hatua!"

"Unalinyamazisha vipi?"

"Silinyamazishi. Lina maneno mengi kuliko wewe." Chiriku akacheka bila kutaka. "Naliacha liseme, lipite. Mimi narudi kwenye kisigino changu. Kimegusa sakafu? Kimegusa. Basi. Wazo ni wazo tu, mwanangu, si shahidi. Huyo rafiki yako, ulimuuliza?"

"Hapana."

"Basi kesi umeisikiliza peke yako na hukumu umeitoa peke yako." Baba akashika vyuma, akainuka. "Twende tena."

Chiriku alistaajabu. Mtu aliyenusurika kuanguka muda mfupi tu uliopita! Akakamata kiti, akakaza macho kwenye visigino vya baba. Mawazo ya darasani yalimjia tena. Akayaacha, akarudi kwenye visigino. Baba akaachia vyuma, akatembea mpaka akagusa ukuta wa upande wa pili.

Kesho yake Chiriku alimfuata rafiki yake uwanjani. Atakucheka tena, wazo likamnong'oneza. Hakubishana nalo. Alimtazama tu rafiki yake, na ndipo alipoona: shavu moja lilikuwa limevimba kama lililoficha limau.

"Shavu lako!"

"Jino," rafiki alijibu kwa shida. "Lilinianza ile siku uliposoma. Nilijiziba mdomo nisilie mbele za watu. Nilitaka kukuambia, ukahama dawati. Hata nyumbani sijasema. Naogopa kung'olewa."

"Na mimi nilidhani unanicheka!"

"Nicheke na jino hili?"

Chiriku aliona aibu, akamwomba radhi. Mchana walikwenda pamoja kwa mama wa rafiki yake, wakamweleza, na jioni wote wakawa zahanati. Rafiki aliingia kwa daktari wa meno akimshika mama yake mkono. Chiriku na baba wakasubiri kwenye benchi.

"Siku zote hizo alikuwa anaumwa mbele yangu," Chiriku alisema, "nami sikuona."

"Usijilaumu mno. Mawazo hayapigi hodi, huingia tu, kwako na kwangu. Kuingia kwake si kosa lako. Kosa ni kuyapa kiti na kuyasikiliza kutwa, mpaka usimwone aliyesimama mbele yako. Yakija, yaache yapite, kisha fumbua macho."

Mlango ukafunguliwa. Rafiki akatoka, pamba mdomoni, machozi yakimlenga, akijaribu kutabasamu kwa upande mmoja.

"Nenda," baba akasema. "Anakuhitaji sasa hivi."