Hapo Umefika, Baba

Nilikanyaga breki mpaka nikainuka kwenye kiti!

Gari likaserereka, likatulia. Mbele ya bampa hakukuwa na barabara tena. Kulikuwa na shimo la machimbo ya kokoto, refu, ungetia ghorofa nzima humo ikapotea.

Na kwenye simu, sauti ya binti yangu ikamalizia kwa upole:

"Hapo umefika, Baba. Utatuona tu."

Jamani... ilikuwa siku ya harusi yake!

Ngoja niwaeleze. Mimi ni mnyonya vyoo. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Nina gari moja tu, la maji taka, ndilo lililomsomesha huyo binti mpaka chuo.

Mimi mwenyewe shule niliacha mapema. Ramani za kwenye simu haziniingii. Kale kamshale kanazunguka, kasauti kanasema geuka, nageuka naangaliana na ukuta wa nyumba ya watu. Mimi nielekeze kwa mdomo. Niambie kuna gereji, kuna mti uliokatwa, kuna duka la rangi. Nitafika hata macho nimefumba.

Binti yangu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Mama yake alifariki akiwa mdogo, akakulia kwenye kiti cha mbele cha gari langu. Nilimwita Kondakta. Ndiye aliyekuwa ananishikia njia: "Baba, ukuta wa bluu huo, kata!"

Wageni wote walitumiwa lokesheni. Mimi nikatumiwa sauti.

"Baba, hii nimekurekodia wewe peke yako. Ukipita kiwanda cha magodoro, acha lami. Utaona tangi la maji limepauka. Kata kulia, usiende kushoto hata ukiona watu..."

Niliwasikilizisha wenzangu pale tunapoegesha. "Sikieni mtoto anavyomjali baba yake!"

Na kila kitu nilikikuta. Kiwanda. Tangi. Mpaka watu wa kushoto. Kisha shimo.

Nikampigia. Simu imezimwa. Nikampigia mdogo wangu, yule wa kuvaa tai. Inaita, haipokelewi. Nikageuza gari nikijitukana. Mzee mzima, siku ya mwanangu, nimepotea!

Niko njiani simu ikaita. Namba ngeni.

"Mzee wa gari la maji taka? Mimi meneja wa ukumbi. Shimo limefurika, vyoo vinarudisha, na nina harusi ndani! Nikutumie lokesheni?"

"Nielekeze kwa mdomo."

"Unapajua lilipokuwa ghala la mbao?"

"Napajua."

"Ndipo hapo. Tumepakarabati. Pita geti la nyuma, mzee wangu, utuokoe na aibu!"

Nikajisemea, ya mwanangu nimeikosa, acha niokoe ya mwenzangu. Nikavaa ovaroli juu ya suti.

Nikaingia, nikatandaza mpira, nikawasha pampu. Kazi ikaenda. Nilipozima, ndani nikasikia msema chochote, MC wa sherehe:

"Tusimame kidogo, ndugu wageni! Tuwakumbuke wazazi wa bibi harusi. Baba na mama, wote wawili wametangulia. Kisha baba yake mdogo, aliyesimama badala yao, atatupa neno!"

Nikachungulia mlango wa jikoni. Mdogo wangu alikuwa mbele, suti ya kijivu, ameinamisha kichwa. Pembeni yake, ameshika maua, Kondakta wangu!

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama kimya.

Nami nikavua kofia. Sijui kwa nini. Nikasimama pale na mpira wa choo mkononi, nikijikumbuka mimi mwenyewe, marehemu.

Alipoinua kichwa, macho yetu yakagongana. Akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, gauni amelikunja mkononi.

"Baba! Umefikaje hapa?"

"Nimeitwa kazini."

"Baba, nisikilize..."

"Lile tangi lililopauka. Ulikwenda mwenyewe kuliangalia?"

Akaanza kukung'uta vumbi kwenye gauni.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda." Machozi yakaanza kumharibia rangi ya uso. "Nilijua ungesema umepotea tu. Nisingekuumiza, Baba."

"Ulitaka nijilaumu mwenyewe."

"Wakwe zangu ni watu wenye majina! Ningewaambia nini? Na ungekuja na hilo gari!"

Nilitaka kujibu. Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja wa makamo, hereni nzito, kitambaa puani, simu mkononi.

"Mkwe wangu! Unafanya nini huku kwenye harufu? Na huyu ni nani?"

Ndugu zangu, nilimtazama mwanangu. Kondakta, sema. Neno moja tu. Geti moja tu limebaki, sema kata wapi.

Akafuta machozi.

"Ni mtu wa vyoo, Mama. Nilikuja kumshukuru."

Mama mkwe akanigeukia, mwenye adabu kabisa.

"Basi baba, wewe ni dereva, nisaidie. Kaka yangu amepotea, ramani inamzungusha. Mwelekeze, tafadhali."

Akanipa simu.

Ningeweza kusema lolote. Ningemtuma yule kaka kwenye kokoto. Ningesema mimi ni nani, harusi ingevunjika palepale. Binti yangu alijua. Alikuwa ameng'ang'ania yale maua kama mtu aliyeshika usukani gari likimshinda.

"Uko wapi, kaka?" nikauliza.

"Naona gereji ya pikipiki!"

"Vizuri. Ipite. Duka la milango ya chuma mkono wa kulia, kata hapo. Njoo taratibu. Utaona gari la maji taka limesimama kwenye geti."

"Enhe?"

"Hapo umefika."

Nikamrudishia mama simu yake. Nikakunja mpira, nikaondoka. Wa kunifuata hakuwepo.

Baba wenzangu, mtoto anayejua unavyopenda kuelekezwa ndiye anayejua pia pa kukupotezea. Mgeni akikudanganya njia, unashtuka mapema. Wa kwako hutamshtukia, maana anaongea kama wewe.

Amenipigia mara nyingi tangu siku ile. Sipokei. Anataka kuja nyumbani, anasema nilipohamia hapajui, nimwelekeze.

Atafute kwenye ramani.