Noti Namba Tatu na Pasi ya Shangazi

Kila alipotoka shuleni, Kiherehere alipitia kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa sababu mikono yake haikujua kutulia. Mara aokote vifungo, mara afagie vipande vya kitambaa, mara apige pasi nguo za wateja kabla hajaambiwa.

Alichokipenda zaidi pale ni albamu ya noti za kale. Shangazi alikuwa fundi hodari, na alikuwa mkusanyaji hodari vilevile. Hakukusanya ovyo. Alitafuta noti zenye namba ndogo, zile zilizochapwa mwanzo kabisa, na alizishika pembeni kwa ncha za vidole. Kiherehere angeweza kumtazama mchana kutwa asichoke.

Siku hiyo shangazi alikuwa anamsubiri mnunuzi. Alikuwa ameamua kuuza noti yake bora, ambayo namba yake ilikuwa sufuri tano kisha tatu, ili anunue cherehani ya umeme. Ile ya kukanyaga ilikuwa imemmaliza magoti.

"Naenda kununua uzi mara moja," alisema. "Mgeni akifika, mkaribishe akae."

Kiherehere akabaki na noti mezani. Katikati ilikuwa na mkunjo, na pasi bado ilikuwa ya moto. Akaifunika noti kwa kitambaa, akapitisha pasi. Mkunjo ukatoweka, naye akajiona fundi.

Shangazi alirudi pamoja na mnunuzi, mzee mpole mwenye miwani minene. Mzee akaiinua noti kwenye mwanga.

"Kwenye simu uliniambia ina mkunjo. Mbona siuoni? Kama haijawahi kukunjwa, nakulipa mara mbili."

Shangazi akaitazama noti, kisha akaitazama pasi. Kiherehere akaogopa. Angenyamaza tu, cherehani ingepatikana na chenji ingebaki.

"Mkunjo ulikuwepo," Kiherehere akasema. "Niliipiga pasi. Nilidhani naisaidia."

Mzee akavua miwani. "Pasi huiharibu noti, mjukuu wangu. Karatasi hupoteza ugumu wake. Afadhali mkunjo wa kweli. Sasa hata ile bei ya kwanza siwezi kuitoa."

"Na mimi nisingeipokea," shangazi akasema. "Utusamehe kwa usumbufu."

Kiherehere akaanza kulia. Lakini mzee hakuondoka.

"Una nyingine zenye namba ndogo?"

Shangazi akafungua albamu. Mzee akachagua noti mbili, na lenzi yake ya kukagulia noti akaiacha mfukoni. "Humu ndani naambiwa kasoro kabla sijauliza," akasema, akalipa. Fedha za cherehani zikatimia.

Mzee alipoondoka, shangazi alimfuta mtoto machozi.

"Umeniharibia noti niliyoipenda, na imeniuma, sikufichi. Siku nyingine uulize kwanza. Lakini umesema kweli wakati uongo ungetulipa vizuri zaidi. Yule mzee angegundua akifika kwake, nani angeniamini tena? Fedha nitazitafuta, mwanangu. Kuaminiwa kukipotea, sijui kunauzwa duka gani."

Akairudisha noti namba tatu kwenye albamu, ukurasa wa kwanza.

"Si imeshaharibika?" Kiherehere akauliza.

"Ndiyo, na siiuzi tena. Ukitaka kukumbuka siku uliyosema kweli huku unaogopa, njoo uitazame. Kwa macho, Kiherehere. Pasi uiache pale pale ilipo."