Breki za Pikapu ya Mzee Ephantus

Kila Jumamosi, Aoko akishakunywa chai na kuosha vikombe, huvaa ovaroli kuukuu ya mamake, akaikunja miguu, kisha huvuka barabara hadi gereji. Gereji yenyewe ni kibanda cha mabati pale Kimbo, Ruiru, mkabala na lango la shule yao. Kazi yake ni kuosha spana kwa dizeli na kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Mamake, fundi Wilkister, hapendi spana chafu.

Jumamosi hii Aoko alikuwa na haraka. Kwaya ya shule ilikuwa inakwenda Thika kwenye tamasha la muziki, naye ndiye mpigaji wa ngoma kubwa. Basi lingebeba watoto. Ngoma na mavazi yangebebwa na Mzee Ephantus, mkulima wa Theta, kwa pikapu yake ya zamani. Lakini pikapu hiyo ilikuwa bado gereji. Chesisi yake, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, ilikuwa imekalishwa juu ya vigogo, na magurudumu ya nyuma yamefunguliwa.

"Panda ndani, nyara," Mama alimwita binti yake kwa Kijaluo kutoka chini ya gari. "Leo wewe ndiwe mguu wangu."

Mama alikuwa ameweka raba mpya kwenye breki za nyuma. Sasa ilibidi kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba, na kazi hiyo inataka watu wawili. Aoko alikanyaga pedali mara kadhaa, kisha akaishikilia chini. Mama alilegeza skrubu ndogo iliyo nyuma ya breki, mafuta yakapita kwenye mpira mwembamba hadi ndani ya chupa, akaikaza tena.

"Achia! Kanyaga tena! Imeshika?"

Breki isiyo na hewa huwa ngumu, mguu ukakomea juu. Hii ilizama karibu na sakafu, laini kama mkate uliolowa chai.

"Bado, Mama."

Mama aliinuka, akafungua boneti na kutazama mafuta ya breki. Yalikuwa yamejaa. Alipitisha kitambaa kikavu kwenye mabomba yote, kikatoka kikavu vilevile. Aliing'oa ile skrubu na kuzibua tundu lake kwa waya. Walipojaribu tena, mafuta yalidondoka tone moja moja, kama bomba la maji wakati wa mgao.

"Sasa?"

"Bado."

Mzee Ephantus alikuwa akizunguka gari, kofia mkononi. "Mama Aoko, basi linapiga honi huko! Mimi hii gari naijua. Nikipampu mara mbili, inashika. Nimeiendesha hivyo miezi mingi."

"Mzee, breki ya kuombwa mara mbili si breki," Mama alijibu.

Wanakwaya walikuwa wamevuka barabara wakiwa wamebeba ngoma. Calvince, kijana wa mdomo mwingi, aliingiza kichwa dirishani.

"Aoko, unatuchelewesha! Ama huo mguu wako haukunywa uji?"

Wenzake walicheka. Kisha Calvince akanong'ona, "Si useme tu imeshika? Mguu ni wako. Nani atajua?"

Aoko aliitazama ngoma kubwa. Alikuwa ameifanyia mazoezi muhula mzima, mpaka viganja vikaota sugu. Neno moja tu, na wangeondoka. Akakanyaga tena, taratibu, kwa nguvu zake zote. Pedali ikazama.

"Bado, Mama," alisema kwa sauti kubwa, wote wasikie.

"Ngai!" Mzee Ephantus alishika kichwa. "Basi rudisha magurudumu, uishushe. Labda ikiwa chini itakuwa nzuri."

Mama hakubishana. Alirudisha magurudumu, akaishusha kwa jeki, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Alikuwa amechuchumaa akitazama chini ya gari wakati Calvince, akidhani kazi imekwisha, alipotupa ngoma nyuma, kisha naye akarukia humohumo.

"Calvince! Hapo hapo! Usishuke!" Mama alipiga kelele.

Kati ya mhimili wa nyuma na chesisi kuna fimbo nyembamba ya chuma iliyoshika vali ndogo. Pikapu ilipobonyea, fimbo ile ilisogea.

"Aoko, njoo uone. Hii vali hupima mzigo. Gari ikiwa na mzigo, inapitisha mafuta mengi kwenda nyuma. Tulipoiinua, mhimili ulining'inia, nayo vali ikadhani gari ni tupu, ikabana njia. Tumeshinda tukisukuma mafuta kwenye mlango uliofungwa." Akageukia wanakwaya. "Nyinyi mnaotuharakisha, pandeni wote! Mkae kimya kama mko kanisani."

Watoto walipanda wakicheka, pikapu ikalala nyuma. Aoko akarudi ndani, akakanyaga na kushikilia. Mama alipolegeza skrubu, mafuta yaliruka kwenye mpira yakiwa na mapovu tele. Wakarudia upande huu na upande ule, Mama akiongeza mafuta mapya, mpaka hakukuwa na povu hata moja. Kisha pedali ikakataa kushuka.

"Imeshika, Mama! Imeshika kweli!"

Mama aliijaribu pikapu uani, ikisimama kila alipogusa pedali. Watoto wakakimbilia basi. Aoko na Mama wakaketi mbele na Mzee Ephantus. Walipokuwa wakishuka mteremko kabla ya Thika, lori lililokuwa mbele lilisimama ghafla. Mzee alikanyaga mara moja tu. Ngoma zilisukumana nyuma zikatoa mlio, na pikapu ikasimama, nafasi kati yao na lori ikiwa haitoshi hata kupita mbuzi.

Mzee aliegesha gari Thika, akashuka. Aliwaita wanakwaya wote.

"Watoto wangu, leo asubuhi nilitaka neno moja kutoka kwa msichana huyu, na neno lenyewe lilikuwa uongo. Angenipa, nisingepata nafasi ya kupampu mara ya pili. Ukiulizwa kitu kikoje, sema kilivyo, hata kama wote wanangoja jibu lingine. Kisha endelea na kazi mpaka jibu lenyewe libadilike."

Calvince aliinamisha uso. Bila kuambiwa, alishika upande mmoja wa ngoma kubwa, Aoko akashika wa pili, wakaingia ukumbini.