Neno la Fundi wa Mawe

Kila siku saa tisa alasiri, Chiriku aliingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Hilo silo jina lililoandikwa kwenye daftari lake la shule. Bibi ndiye aliyempa, kwa sababu tangu alipojua kuongea hakuwahi kunyamaza. Alikuwa akitua mkoba, akivua viatu, kisha akimsimulia Bibi mambo yote ya siku: nani kachelewa, nani kasinzia darasani, mwalimu gani kavaa soksi zisizofanana. Bibi alikata vitunguu huku akisikiliza kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa kwenye sufuria.

Nyumba ilikuwa ya Mama, lakini jiko lilikuwa la Bibi. Mama alitoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Bibi ndiye aliyejua kiberiti kilipo na bomba lipi lafaa kufungwa kwa nguvu.

Mwaka ule Mama aliamua kulikarabati jiko. Kaunta ya mbao iliyozunguka sinki ilikuwa imevimba kwa maji na kuoza pembeni. Jumamosi moja wakaenda wote watatu kwenye karakana ya fundi wa mawe ili kuchagua kaunta mpya.

Fundi alikuwa mtu mrefu, mwenye vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alipanga vipande vya mawe kwenye benchi, akadondoshea kila kimoja chai ya rangi, akawaambia wangoje. Alipofuta, kipande cha marumaru kilibaki na duara la kahawia. Vingine viwili vilikuwa safi.

"Hili jeusi ni graniti, jiwe la mlimani," alieleza. "Haliogopi moto, ila lazima lipakwe dawa mara kwa mara, lisije likanywa mafuta. Hili jeupe ni kwatzi. Limetengenezwa kiwandani kwa mawe yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi. Halinywi kitu wala halidai dawa."

Bibi alikuwa ameshika jiwe la graniti, jeusi lenye vidoa vidogo vyeupe. "Hili linanikumbusha manyoya ya kanga," alisema.

"Bibi, hilo litatia jiko giza," Chiriku akadakia. "Tuchukue jeupe. Hata doa dogo tutaliona na kulifuta." Akaeleza hivi, akaeleza vile, mpaka Mama akacheka na Bibi akarudisha kipande chake mezani.

"Haya, jeupe. Nani atashindana na chiriku?" Bibi alisema.

Wiki mbili baadaye fundi alikuja na wenzake watatu kulifunga jiwe. Chiriku aliporudi kutoka shuleni aliwakuta wanamaliza. Mama alikuwa kazini, na Bibi alikuwa amekimbilia kwa jirani kwa sababu ya kelele za msumeno. Fundi alifuta mikono, akainama kidogo.

"Binti, nisikilize vizuri. Msikatie kitu juu ya jiwe hili, tumieni ubao. Msilisugue kwa waya. Maji, sabuni na kitambaa laini vinatosha. Na kubwa kuliko yote, chombo kinachotoka motoni kisiliguse. Gundi iliyomo ndani ikiungua, hairudi tena kuwa kama zamani. Mwambie mama, lakini hasa mwambie Bibi. Yeye ndiye mpishi."

"Nitawaambia."

"Hutasahau?"

"Mimi, fundi? Kusema ndiyo kazi yangu."

Jioni ile Chiriku alisimulia yote. Alisimulia, kama alivyosikia kwa mafundi, jinsi jiwe lilivyokwama mlangoni na jinsi suruali ya mmoja wao ilivyochanika wakati wa kuinua. Bibi alicheka hadi machozi. Neno la fundi tu ndilo halikutoka.

Alilikumbuka asubuhi iliyofuata akipiga mswaki. Lakini rafiki yake alikuwa akipiga mluzi getini, akajiambia, "Nitasema jioni." Jioni kulikuwa na mazoezi ya hesabu. Siku ya tatu hakulikumbuka kabisa.

Siku ya nne aliingia jikoni akamkuta Bibi amesimama, kikaango cha chuma kikiwa mkononi. Kwenye jiwe jeupe kulikuwa na alama ya rangi ya manjano, mfano wa mwezi mchanga.

"Haitoki," Bibi alisema. Alikuwa ameshaifuta mara nyingi. "Kwenye ile ya mbao nilikuwa naweka kitambaa. Hapa nikasema, jiwe ni jiwe. Ujana wangu wote nimepikia mafiga matatu. Jiwe linaogopaje moto?"

Mama aliporudi hakugomba. Alipitisha kidole juu ya alama, akashusha pumzi. Kaunta hiyo aliingoja miaka miwili.

"Mama, fundi hakukwambia kitu?" alimuuliza Bibi.

Bibi alijaribu kukumbuka. "Labda aliniambia," alisema kwa sauti ndogo. "Labda nimesahau. Siku hizi mambo yananitoka."

Chiriku alikuwa amesimama hapo hapo. Alitazama vidole vya miguu yake, wala hakusema neno.

Toka siku hiyo Bibi hakupika. Mama aliamka mapema akapika kabla ya kwenda kazini. Bibi akitaka chai, alikunja kitambaa, akaweka kisahani juu ya kitambaa na kikombe juu ya kisahani, kama mgeni anayeogopa kuvunja vyombo vya watu. Siku ya tatu akamwambia Chiriku, "Jiko la kisasa linataka mikono ya kisasa. Jumapili nitahamia kwa mjomba wako. Kule ni jiko la mkaa, hakuna cha kuharibu."

Kesho yake Chiriku aliingia kwa mlango wa jikoni. Hapakuwa na harufu ya vitunguu. Alimkuta Bibi chumbani akikunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi.

"Bibi, fundi alisema."

"Alisema nini?"

"Alisema chombo cha moto kisiwekwe pale. Hakukwambia wewe. Aliniambia mimi, nikwambie. Nikasahau. Halafu nikakumbuka, nikasema jioni. Halafu nikaogopa."

Mikono ya Bibi ilisimama. "Kwa hiyo sikuambiwa?"

"Hukuambiwa, Bibi."

Bibi aliketi kitandani. Akapumua kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. "Mimi nilidhani akili imeanza kunikimbia. Usiku nilikuwa nakaa nahesabu majina ya watoto wangu, nione kama nayakumbuka."

Chiriku akaanza kulia. Bibi alimwacha alie kidogo, ndipo akamvuta karibu.

"Jioni utamwambia mama yako mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Alimwambia. Mama alikasirika kweli, si kwa ajili ya jiwe bali kwa siku zote alizomwona Bibi akijilaumu. Kisha akampigia fundi simu.

Fundi alikuja Jumamosi. Chiriku alimweleza kosa lake pale mlangoni, kabla hajavua kofia. Fundi aliisafisha alama kwa sabuni, akaipapasa, akatikisa kichwa. "Uchafu ungetoka. Hii ni gundi iliyoungua. Nikiikwangua, nitaharibu na mng'ao wa pembeni."

Akarudi kwenye gari, akaja na kipande cha graniti, cheusi chenye vidoa vyeupe, kimelainishwa kingo na kuwekewa vimiguu vinne vya mpira. "Lilibaki kwenye kazi nyingine. Nilikumbuka Bibi alilipenda. Hili linabeba kikaango hata kikiwa chekundu."

Chiriku alitaka kuliweka juu ya ile alama. Bibi akalisogeza kando, alama ikabaki wazi.

"Iache ionekane," alisema. "Mjukuu wangu, maneno yako ni yako. Uyamwage, uyafiche, hiari yako. Lakini neno ulilopewa umpelekee mwenzio si lako. Ni amana. Na amana haingoji jioni."

Kisha akafungua kabati, akatoa vitunguu.

Jumatatu asubuhi, Mama akiwa ameshatoka getini, aligeuka akamwambia Chiriku, "Mwambie Bibi leo nitachelewa." Rafiki yake alikuwa akipiga mluzi barabarani. Chiriku alimwinulia mkono angoje, akarudi mbio jikoni, mkoba mgongoni.