Mgeni Aliyetoka Msibani

Mwalimu mstaafu Fidela Magbanua alitimiza siku ya kumi na moja jijini Manila bila kuibiwa hata kitambaa cha mkononi. Watu wa kwao mkoani Antique walikuwa wamemtisha kweli kweli kabla hajapanda meli: shika mkoba mbele, vua pete, usimjibu anayekuuliza njia. Maneno matupu. Jengo alilokaa binti yake lilikuwa na walinzi watatu, kamera kila kona, na lifti inayonukia limau. Barabara ilifagiwa kila alfajiri. Jiji lilikuwa salama, tena zuri, na Fidela alikuwa karibu kulia kwa upweke.

Binti yake, Marivic, alifanya kazi ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo. Alitoka jioni, akarudi asubuhi, kisha akalala mchana kutwa mapazia yamefungwa. Walionana wakati wa kifungua kinywa tu, dakika ishirini hivi, binti akipiga miayo juu ya wali na yai.

"Mama, umepapenda lakini?"

"Niache kwanza nipapime."

"Pima haraka basi. Mnunuzi wa nyumba ya Antique anataka jibu Jumapili. Ukikaa na mimi, tunauza. Usipokaa, basi, sawa tu."

Alisema sawa tu akiitazama sahani. Fidela alimjua mtoto wake, haikuwa sawa hata kidogo. Tangu baba mtu afariki walikuwa wamebaki wawili duniani.

Alasiri hiyo, akiwa dirishani ghorofa ya kumi na saba, aliona turubai la buluu limetandazwa kwenye kichochoro nyuma ya jengo. Chini yake viti vya plastiki na meza ya karata. Msiba. Moyo ukamruka kwa furaha, akajionea aibu, akavaa viatu. Msibani ni mahali pekee ambapo mgeni hahitaji kualikwa.

Jeneza lilikuwa la Bi Osang, fundi cherehani mzee aliyeishi peke yake nyuma ya duka lake. Wanawe walikuwa Saudia, hawajafika. Mwanamke mnene aitwaye Bebang alikuwa akimimina kahawa.

"Wewe ni ndugu yake?"

"Mgeni tu. Binti yangu anakaa jengo lile."

"Jengo lile! Jamani, leo tumepandishwa cheo! Kaa, mama, kula karanga. Usinuse mikono yangu, nimeshinda na vitunguu."

Fidela alikaa saa tatu. Alicheza karata, akashindwa, akataniwa, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Aliposimama, Bebang alimvuta mkono.

"Usiage. Wala usishukuru. Na usiende kwako moja kwa moja, unasikia? Pitia popote kwanza, hata dukani, ili asikufuate. Huyu marehemu alichukia mno kukaa peke yake, maskini."

"Unamfundisha mwalimu?"

Kweli alijua. Huko kwao, kila akitoka msibani, alipitia dukani kwa rafiki yake, wakasengenya kidogo, ndipo akaenda nyumbani. Lakini hapa apitie kwa nani? Alisimama njia panda, watu wakimpita huku na huku bila hata mmoja kumtupia jicho. Akaiwazia meza ya kwa binti yake, yenye kiti kimoja tu kinachokaliwa. Mwache anifuate, akajisemea. Angalau tutakunywa kahawa wawili.

Akaenda moja kwa moja.

Mlangoni, mlinzi Nestor alisogeza daftari la wageni. "Na huyo mama mwenzako aandike jina."

Fidela aligeuka. Hapakuwa na mtu. Nestor naye akatazama, akajikuna shingo.

"Samahani, mama. Zamu imekuwa ndefu."

Siku mbili zilizofuata zilikuwa tamu, na hilo ndilo Fidela hakuwahi kumweleza padri. Alimimina vikombe viwili. Kiti cha pili alikikuta kimevutwa nyuma, tayari. Alikisimulia habari za marehemu mumewe, wanafunzi watukutu, bei ya samaki. Kikombe cha pili kilipoa, lakini kahawa ilipungua. Hakuogopa. Alikuwa amepata wa kumsikiliza.

Siku ya tatu, Jumamosi mchana, kiti hakikuvutwa.

Alingoja. Kahawa ikabaki palepale ukingoni mwa kikombe. "Upo?" akaita kwa sauti ndogo.

Jibu lilitoka chumbani kwa Marivic. Mtu alikuwa akiimba taratibu. Wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa sauti ya kizee.

Fidela alifungua mlango. Giza la mapazia. Baridi. Marivic amelala chali, midomo imepauka. Pembeni yake godoro limebonyea, kama mtu amekaa.

Hapakuwa na mtu.

"Mwache," Fidela alinong'ona.

Wimbo ukakatika.

"Mimi ndiye niliyekuleta. Huyu humjui. Mwache."

Akamgusa bintiye paji la uso. Lilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Akamtikisa. Hakuamka. Pumzi zilikuja moja moja, kwa mbali.

"Twende," akasema, machozi yakimtoka. "Njoo, nikusindikize. Sisi wawili."

Godoro likainuka polepole.

Alishuka. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Alivuka barabara, akaingia duka la donati, akaagiza kahawa mbili, akakaa akitazamana na kiti kitupu. Kikombe cha pili kilipoanza kupungua, aliinuka. Hakuaga. Hakushukuru. Alizunguka sokoni, akapita kanisani, akazunguka tena, mpaka miguu ikamwambia basi. Njia nzima ya kurudi alijihisi mwepesi. Hakuna aliyekuwa nyuma yake, alikuwa na hakika.

Marivic alikuwa ameketi mezani, mashavu yamerudiwa na rangi. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mkia mmoja mgumu, umefungwa kwa uzi mweupe wa cherehani.

"Mama, leo nimelala! Sijalala hivi tangu utotoni. Na asante kwa kunisuka."

Fidela aliugusa ule uzi. "Mimi nilitoka, mwanangu. Nilikwenda sokoni."

"Ulitoka saa ngapi? Si ulikuwa umenishika mkono muda wote? Ukaniambia nisiogope, hutaondoka tena." Marivic akacheka, akajifuta macho. "Ndiyo maana nauliza leo leo, nisingoje kesho. Umeamua?"

Fidela alitazama chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Upande mmoja ulikuwa umebonyea.

Kwao Antique kulikuwa na nyumba yake, majirani, bahari, na lile duka la rafiki. Hapa kulikuwa na mtoto wake mmoja.

"Uza nyumba," alisema. "Nakaa. Na kuanzia leo, nalala chumbani kwako."

Marivic alimkumbatia kwa furaha. Alidhani mama amelipenda jiji.

Miezi sita baadaye walinunua godoro jipya. Wachukuzi waliliegemeza ukutani, limesimama wima, bado limefungwa kwa nailoni ya kiwandani, wakaondoka. Fidela alilichungulia kabla ya chakula cha mchana. Nailoni haikuwa imeguswa. Ndani yake, upande mmoja, godoro lilikuwa limeshabonyea.